Mbuzi wa Wanjira

"Mama Ciku, hujasikia? Yule refa amekula mbuzi."

Veronicah hakusalimu kwanza. Akiwa na jambo la moto huwa hana nafasi ya salamu. Alikuwa amesimama upande wake wa ua wa minyaa, kikombe cha chai mkononi. Upande huu Winfred alikuwa akianika nepi, mtoto mchanga mgongoni.

"Refa gani, Mama Wambura?"

"Kwani Siakago iko na marefa wangapi? Si huyu Wanjira wa punda. Amepelekewa mabeberu mawili, meusi tii, na gunia ya ndengu juu yake. Ndiyo mechi ya Jumamosi ipinduke. Hata sasa tunavyoongea, hizo mbuzi ziko kwake, zimefungwa kwa banda ya punda."

"Nani ameziona?"

"Mtu wa bodaboda. Alimwona mwanamke akizipeleka mchana peupe, hana hata aibu, na mtoto mgongoni. Kuhonga watu na mtoto mgongoni, haki! Lisemwalo lipo, Mama Ciku. Na kama halipo, linakuja na mguu."

Mtoto alipiga chafya mgongoni mwake, Veronicah akamtazama, akamchekea, akarudi kwenye chai yake. Haikumpitia akilini hata kidogo, maana nusu ya wanawake wa Siakago wana watoto migongoni.

Lakini Winfred alijua. Mbuzi hawakuwa wawili, alikuwa mmoja. Hakuwa mweusi, alikuwa mweupe mwenye sikio moja jeusi. Gunia la ndengu yeye hakuliona. Na aliyempeleka mbuzi huyo kwa refa, mchana peupe, bila aibu, alikuwa yeye mwenyewe Winfred, kwa sababu kwao shukrani haipelekwi kwa kujificha.

Tuanzie kiwanjani, Jumamosi iliyotangulia.

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya soko, na hakina nyasi za kutaja. Ni mchanga mwekundu na changarawe, na kabla ya mechi watoto huinama wote kuokota miiba ya migunga, maana mwiba mmoja unatosha kumaliza mpira na furaha ya siku. Mashindano yalikuwa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne. Aliyeyaanzisha ni mzee Shueib Kullow, mwenye malori ya mchanga, ambaye baba yake alikuja Siakago zamani kununua mifugo akasahau kurudi. Mzee Shueib alitoa jezi, akatoa mipira, akawa mwenyekiti. Refa alimtafuta yeye mwenyewe, na aliyempata ni Wanjira.

Wanjira ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miguu mirefu iliyokaza. Watu wengi wanamjua kwa maji. Kila asubuhi huteka kwenye kisima cha pampu, akapakia mitungi kwenye mkokoteni, akapita mlango kwa mlango na punda wake Subira. Hampigi Subira fimbo. Ana filimbi shingoni: akipuliza mara moja punda anasimama, akipuliza mara mbili punda anaondoka. Filimbi hiyo hiyo ndiyo huchezesha mechi. Siku ya mechi Subira hufungwa kando, chini ya mgunga, na kila refa anapopuliza punda husimamisha masikio na kutulia kana kwamba ameonywa yeye. Watu hucheka wakasema, "Hapa anayejua sheria ni punda peke yake."

Jina la Wanjira, yaani wa njiani, alipewa kwa sababu mama yake alimzalia njiani, akitoka mtoni na maji. Alipokua aliolewa Embu mjini, akakaa huko miaka, mtoto hakuja, akarudi kwa baba yake, mzee Njoka, na sanduku moja. Ndiyo sababu yeye si Mama Fulani. Na mwanamke ambaye si Mama Fulani huku kwetu huitwa kwa kile anachofanya. Wakiwa na roho nzuri humwita Refa. Wakikasirika humwita Mama Punda. Mtu akikaa na kufikiri atakuta kwamba, tangu mzee Njoka alipofariki, ni wachache sana wanaolitamka jina lake lote, Wanjira wa Njoka.

Siku ile zilicheza timu za Mwewe na Radi. Kipa wa Mwewe alikuwa Ciku, kifungua mimba wa Winfred. Kocha wa Radi alikuwa Koome, Mmeru mwenye duka la spea za pikipiki pale stendi. Ukimkuta dukani ni mtu wa kicheko, atakuongezea nati bila kuombwa. Lakini akishavaa ile kofia yake ya ukocha, anageuka kama maziwa yaliyosahauliwa juani.

Kabla ya mechi Wanjira aliwapanga wasichana mstari, akakagua kucha, akakagua hereni, akasimama mbele yao. "Chingamu zote chini. Temeni hapa nikiona." Wakatema, na Ciku akainama kama wenzake.

Mechi ilikuwa ngumu, goli hakuna, jua linaelekea kuteremka. Karibu na mwisho, mshambuliaji wa Radi, msichana mrefu aitwaye Felicitas, alichomoka na mpira peke yake. Ciku akatoka golini, akamrukia miguuni. Wakagongana, wakaanguka wote wawili. Mpira ukawaponyoka, ukaanza kubingirika polepole kuelekea golini, na goli lenyewe liko wazi. Hata akina nyanya waliokuja na stuli zao walisimama. Mpira ulikuwa haujafika kwenye mstari filimbi ilipolia.

Wanjira hakuwa akitazama mpira. Alikuwa akimtazama Ciku.

Ciku alikuwa amelala chali, macho wazi, mikono inakwaruza mchanga, na hakuna sauti inayotoka. Wanjira alipiga magoti, akamgeuza, akamlaza juu ya paja lake, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akampiga tena. Kikatoka kidonge cha chingamu, cha rangi ya waridi, kikaanguka mchangani. Ciku akavuta pumzi.

Winfred alikuwa anakimbia, mtoto anarukaruka mgongoni, na aliisikia pumzi ile kabla hajafika. Ilikuwa kama mlango wenye kutu unapofunguliwa. Hajasikia sauti nzuri kama ile, hata siku aliyomzaa.

Na sauti iliyofuata ilikuwa ya kocha Koome.

"Goli langu liko wapi? Wewe mwanamke, goli langu liko wapi?"

"Mtoto alikuwa hapumui, kocha," Wanjira akasema, bado amepiga magoti.

"Hapumui nini! Anajifanya! Kila kipa akilala utapuliza? Si urudi kwa punda! Mpira si mitungi!"

Wazazi wa Radi walikuwa wameshavuka mstari. "Mama Punda! Mama Punda!" wakaimba, watu wazima, wengine na biblia za mkutano wa asubuhi bado kwapani. Baba mmoja akafungua chupa yake, akamwagia Wanjira maji kichwani. Winfred, aliyekuwa ameshamkumbatia Ciku pale chini, aliyaona maji yakishuka shingoni mwa refa na kuingia kwenye lile shati jeusi alilokuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama.

Wanjira alijipangusa uso kwa mkono. Akamtazama yule baba. "Hayo maji ni yangu," akasema. "Nilikuuzia asubuhi."

Baadhi walicheka, lakini wengi hawakutaka kucheka. Kiwanja kilijaa watu, mechi ikavunjika. Mzee Shueib akapanda juu ya kiti cha plastiki akatangaza kwamba itarudiwa Jumamosi inayofuata. "Na refa ni yule yule," akasema. "Anayetaka mwingine, alete wake, na alete na mashindano yake."

Tangu siku hiyo Winfred alikuwa na tabia mpya. Akimpita Ciku anakula, au anaandika kazi ya shule, alimwekea kiganja mgongoni, akangoja mpaka asikie kifua kinapanda.

"Mama, ni nini?"

"Hakuna. Endelea tu."

Mama mkwe wake, waliyekaa naye boma moja, alimtazama hivyo siku nzima ya Jumapili, kisha akasema, "Mtoto aliyerudishiwa pumzi hashukuriwi kwa sukari na majani chai."

"Najua, mama."

"Na mbuzi tunaye."

Mbuzi walikuwa naye mmoja tu wa maana, yule mweupe mwenye sikio jeusi, aliyekuwa akingojewa Krismasi. Winfred alimpigia simu Baba Ciku, aliyekuwa kazi ya mjengo huko Embu, amuulize. "Unaniuliza nini?" akasema. "Peleka. Hata mimi ningekuwa mbuzi ningejipeleka."

Basi Jumatatu Winfred akamfunga mbuzi kamba, akapita naye katikati ya soko, akisalimiana na watu. Wanjira hakuwepo, alikuwa kwenye maji yake. Winfred alimfunga mbuzi ndani ya banda la Subira, akamkatia majani, akarudi nyumbani moyo mweupe, akisema moyoni kwamba atarudi siku nyingine kusema asante kwa mdomo. Katika furaha yake alisahau kabisa kwamba mechi ya Jumamosi ilikuwa bado kuchezwa.

Ndipo sasa Veronicah, na chai yake, na mabeberu mawili meusi.

Winfred aliacha nepi zingine ndani ya beseni, akaenda kisimani kwa mwendo wa mtu aliyesahau ugali motoni. Alimkuta Wanjira akijaza mitungi.

"Tata," akaanza. Huku kwetu tata ni shangazi, na mwanamke aliyekupita umri ambaye hujui umwite nani, naye ni tata.

"Mama Ciku! Mtoto anakula?"

"Anakula mpaka anamaliza na ya wengine."

"Basi vizuri."

"Tata, ile mbuzi..."

Wanjira akaacha mtungi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ni wewe! Tangu juzi namuuliza Subira nani ameleta mgeni, amekataa kusema."

"Watu wanasema umehongwa."

"Najua wanachosema. Wateja wawili leo wamenikataa, wanasema maji yangu yana harufu ya beberu." Bado alikuwa anacheka, lakini kidogo. "Mzee Shueib ameniita. Kamati inakaa Jumamosi kabla ya mechi. Kocha Koome amesambaza hayo maneno duka kwa duka. Nikikosa la kuwajibu, sitapuliza tena mechi ya watoto hapa Siakago."

Winfred aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. "Nitakuja kumchukua leo hii, tata. Nitasema alipotea."

"Mbuzi ya shukrani hairudi, na wewe unajua. Ikirudi, hairudi peke yake. Sitaki irudi na kitu kibaya kwa yule mtoto."

Wanjira akarudi kwenye mtungi, maji yakijaa. Subira alitikisa mkia.

"Unajua kwa nini napenda hiyo filimbi?" Wanjira akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Wiki nzima nasimama mlangoni kwa watu. Naambiwa ngoja, naambiwa rudi kesho. Jumamosi nikipuliza, watoto wote wanasimama, wananiangalia usoni. Watoto hawana shida, Mama Ciku. Mtoto akianguka, anaamka, anaomba mpira. Shida ni hawa wa nje ya mstari. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Huyu wangu hajanipiga hata moja. Wazazi ndio wamenimaliza."

Winfred si mtu wa maneno mengi. Aliishia darasa la nane, na hata huko shuleni alikuwa yule anayejua jibu na hainui mkono. Lakini pale kisimani alikumbuka jambo la babu yake.

"Tata, kwetu Kiritiri, mbuzi ya shukrani ikileta maneno, inaliwa na wenye maneno."

Wanjira akageuka.

"Kila aliyesema anapewa kipande, anatafuna mbele ya watu. Na aliyekula mbuzi wa mtu hamtukani tena mpaka mfupa uoze. Babu alikuwa anasema hivyo."

"Hata huku ni hivyo hivyo. Lakini nani atawaita? Nikiwaita mimi, itakuwa hongo ya pili."

"Nitawaita mimi," Winfred akasema, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe.

Wanjira akakaza kifuniko cha mtungi. "Basi mwambie mzee Shueib achinje kwa mkono wake," akasema. "Ndiyo na yeye aweze kula."

Hilo lilikuwa neno la maana, maana ukitaka sherehe ya watu wote huku, Wakristo na Waislamu, unampa kisu Mwislamu. Winfred aliondoka hapo moja kwa moja kwenda kwa mzee Shueib kabla ujasiri haujapoa. Alimkuta uani kwake, katikati ya malori, akinywa chai ya maziwa ya ngamia na kumkaripia dereva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Mchanga?"

"Hapana mzee. Mbuzi."

Mzee Shueib akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye mwanamke mwenye mtoto mgongoni."

"Ndiye mimi."

"Kipa ni wako?"

"Ni wangu."

"Sasa mama, hukuweza kungoja mechi iishe, ndio upeleke?"

Winfred alitazama vidole vya miguu yake. "Mzee, sikukumbuka mechi. Nilikuwa nakumbuka mtoto tu."

Mzee akamwambia dereva aondoke. Winfred akamweleza yote, chingamu, pumzi, babu wa Kiritiri, na alipomaliza alikuwa ametokwa na jasho kama aliyepanda mlima Kiang'ombe na kuni.

"Nikichinja mimi mwenyekiti," mzee Shueib akasema taratibu, "ni kama nimeshahukumu. Kwa hiyo kwanza useme mbele ya watu, kama ulivyonieleza mimi. Wakiridhika, nachinja. Wasiporidhika, mbuzi anakwenda nyumbani na refa anakwenda nyumbani."

Jumamosi watu walijaa mapema kuliko siku zote. Habari ya nyama haihitaji kipaza sauti. Mbuzi mweupe alifungwa karibu na Subira, na watu wakaja kumtazama, wakawa wanaulizana wapi mwenzake, na wapi gunia.

Mzee Shueib akamwita Winfred katikati. Winfred akaenda, akikaza mbeleko. Aliwaona Veronicah, na kocha Koome amevaa kofia yake, mikono kifuani. Aliwaona wale waliokuwa wameimba. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na kumbembeleza kukampa kitu cha kufanya mpaka sauti ikapatikana.

"Mbuzi ni yangu," akasema. "Nilimpeleka mimi. Si ya goli. Ni ya pumzi ya Ciku. Mnaosema, kujeni mle. Asiyetaka kula, aniambie, angekuwa mtoto wake, yeye angemshukuru refa na nini."

Ndiyo hotuba yote. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga: Ciku mwenyewe akasogea, ndani ya jezi ya kipa iliyomfika magotini, akasema akitazama chini, "Refa alituambia tuteme chingamu. Mimi niliificha kwa shavu."

"Aii!" mama mkwe akasema kwa sauti. "Hiyo wewe hukuniambia!"

Kiwanja kizima kikacheka. Mzee Shueib akatazama kamati, kamati ikatazama sufuria, mzee akaomba kisu.

Mbuzi alikuwa mdogo na watu walikuwa wengi, kwa hiyo alichemshwa, ili supu imfikie kila mtu. Winfred hakutazama akichinjwa, alikuwa amemlisha kwa mkono tangu akiwa na kitovu. Lakini aligawa yeye, kipande kwa kipande, na mama mkwe akasimama kando yake kama askari.

"Cha kwanza ni cha Mama Wambura," mama mkwe akatangaza.

Veronicah akaja, kanga amejifunika hadi kidevuni. "Mimi niliambiwa tu na mtu wa bodaboda."

"Kula. Ukimaliza utuonyeshe huyo beberu wa pili ako wapi, na yeye tumchemshe."

Veronicah alicheka mpaka akapaliwa, watu wakapiga kelele, "Refa! Refa! Kuja umpige mgongo!" Na Wanjira, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na punda akifunga kamba za viatu, kwa mara ya kwanza siku hiyo alionyesha meno.

Ikafika zamu ya kocha Koome. "Mimi sili," akasema. "Hii ni hongo iliyochemshwa."

"Kocha, ni tamu," akasema Felicitas, yule mshambuliaji wake, mfupa mdomoni.

"Nimesema sili."

"Mmeru gani huyu anakataa mbuzi?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Aonyeshe kitambulisho!"

Kocha alijaribu kukaza uso. Alitazama kipande, akatazama watu, akatazama wasichana wake wote wakimtazama wakitafuna. Akavua kofia. Akakichukua. Na alipokuwa akitafuna, mzee Shueib, naye na chake mkononi, akasema polepole ili asikike, "Basi tumekula wote mbuzi wa refa. Mpaka mfupa uoze."

Mechi ikaanza.

Mtu asidhani kwamba nyama ilibadilisha watu wakawa malaika. Radi wakinyang'anywa mpira, kocha Koome aliruka, mkono juu, mdomo wazi, "Wewe refa!" na kabla hajamaliza, Veronicah na wenzake wakaitikia kutoka ng'ambo, "Kocha! Mfupa!" Akakaa. Akaruka tena. "Mfupa, kocha!" Akakaa. Mpaka mapumziko hata wasichana wake walikuwa wanajificha kicheko ndani ya kola za jezi.

Kisha, kipindi cha pili, beki wa Mwewe akamvuta Felicitas jezi ndani ya boksi, mchana kweupe. Filimbi ikalia. Subira akasimamisha masikio. Wanjira akaonyesha mahali pa penalti.

Sasa waliosimama ni wazazi wa Mwewe, watu wa upande wa Winfred, vidole bado vina mafuta. "Penalti ya nini? Wewe umelala? Mama Pu—"

Neno lilikatikia hapo, maana baba aliyelianza alikuwa amesimama kando ya Winfred na akakutana na macho yake. Lakini Winfred alijua kwamba hata kooni mwake kulikuwa na kitu kinapanda. Ciku alionekana mdogo sana kati ya zile nguzo mbili. Winfred alifunga mdomo, akameza, akaona jinsi kulivyo chungu kumeza neno la namna ile, na jinsi linavyotoka kwa urahisi.

Felicitas akapiga. Ciku akaruka upande mwingine. Goli.

Goli hilo halikurudishwa. Radi wakashinda, na mbuzi wa Winfred hakununua kitu chochote kiwanjani siku hiyo, kila mtu akaona kwa macho yake.

Wasichana wa Radi walipokuwa wakiimba, kocha Koome alivuka kiwanja na chupa ya maji iliyofungwa. Akamnyooshea Wanjira.

"Refa. Maji."

Wanjira akaigeuza chupa. "Nani alikuuzia?"

"Si wewe mwenyewe."

"Basi ni safi," akasema, akanywa.

Ciku alikuja mbio, akajitupa tumboni kwa mama yake, akalia kwa nguvu, mabega yanapanda na kushuka, kamasi, vumbi, kila kitu. "Tumeshindwa! Nilienda upande mbaya!" Winfred alimwekea kiganja mgongoni kama alivyozoea. Kifua kilijaa hewa, kikatoa kilio, kikajaa tena. Winfred alimwacha alie apendavyo. Kulia namna ile kunataka pumzi, na pumzi alikuwa nayo tele.

Watu walipopungua, Winfred alikwenda pale chini ya mgunga, Wanjira alipokuwa akimfunga Subira kwenye mkokoteni.

"Tata, sijasema asante. Mbuzi ilisema, lakini mimi sijasema."

"Umesema mbele ya Siakago nzima, unataka kusema wapi tena?" Wanjira alikaza mkanda wa punda. "Mama Ciku. Jumamosi ijayo nimeitwa kuchezesha Kiritiri. Kwenu."

"Kwetu kabisa."

"Huko hakuna aliyekula mbuzi yangu."

Winfred aliwafahamu watu wa kwao, na sauti zao.

"Wataanza tu," Wanjira akasema. "Nikipuliza mara ya kwanza wataanza na punda. Nimezoea. Lakini nataka kukuomba kitu, na kama ni kigumu uniambie."

"Sema, tata."

"Kuja na Ciku, ukitaka na huyu mdogo pia, usimame karibu na mstari. Usigombane na mtu. Wakianza Mama Punda, wewe niite jina langu tu."

"Nikuite tata?"

"Hapana. Jina. Wanjira wa Njoka. Liite kwa sauti, mara moja, nilisikie nikiwa katikati pale. Nikilisikia, nitapuliza mpaka mwisho."